Maswali ya Wasomaji: Kupima Afya ya Mto Bila Maabara

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha Sayansi darasa la sita katika shule ya msingi iliyopo Manispaa ya Morogoro, karibu na mto unaoshuka kutoka milima ya Uluguru. Natamani wanafunzi wajifunze ubora wa maji na viumbe wa maji baridi, lakini shule yetu haina maabara wala vifaa vya kupimia kemikali. Je, tunaweza kufanya lolote la maana? Na niwajibu nini wanaposhikilia kwamba maji yakiwa maangavu ni salama?
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Mwalimu, hata kama vifaa vya kemikali ungekuwa navyo, ningekushauri uanze na viumbe. Kipimo cha kemikali hueleza hali ya maji kwa saa ile tu yalipochotwa. Uchafu uliomwagwa usiku huenda asubuhi umekwisha kupita, na kipimo kisiuone. Tunutu wa mdudu wa majini, kinyume chake, huishi mtoni kwa wiki nyingi, pengine miezi, kabla hajaota mabawa na kuruka, kwa hiyo kumkuta akiwa hai ni ushahidi kwamba muda wote huo maji hayakumnyima pumzi wala kumlisha sumu. Wataalamu wa mito wanautumia ushahidi huu kila siku: Afrika Kusini wana mfumo uitwao SASS, Tanzania tuna TARISS uliotokana na huo, na kwa wanafunzi na wananchi upo miniSASS, unaowagawa viumbe katika makundi 13 tu na kulipa kila kundi alama zake. Minyoo na ruba, ambao huvumilia uchafu, hupewa alama 2. Tunutu bapa mwenye mikia miwili anayeng'ang'ania mawe ya maji ya kasi, ambaye uchafu kidogo humfukuza, hupewa 17. Alama hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa idadi ya makundi yaliyopatikana, na wastani huo ndio hupima afya ya mto. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la sita anaimudu kabisa.

Mto wenu unafaa sana kwa kazi hii, kwa sababu juu unatoka msituni na chini umekwisha kupita katikati ya mji. Chagua sehemu mbili, moja juu ya makazi na nyingine chini yake, ila zote ziwe na mawe na maji yanayotiririka. Ukilinganisha mawe ya juu na tope la chini, hutajua kama tofauti uliyoiona imeletwa na uchafu au na tope lenyewe. Epuka pia siku zinazofuata mvua kubwa, kwani mafuriko huwazoa viumbe wote bila kubagua. Kifaa ni chujio la jikoni na beseni jeupe. Chujio likingwe upande maji yanakoelekea, jiwe liinuliwe na kusuguliwa taratibu, kisha kilichonaswa kimwagwe katika beseni lenye maji kidogo ya mto. Kwa dakika moja au mbili wanafunzi wataona takataka tu. Wasihimizwe kuchokoa, wasubiri. Kisha kile walichodhani ni kipande cha jani kitaanza kutembea, nao wataona matamvua yakipepea ubavuni mwake, na pengine kijifuko cha changarawe kikijikokota, kwa kuwa ndani yake yumo buu aliyejijengea nyumba. Kule chini ya mji huenda wakakuta mabuu mekundu ya visubi wasiouma, ambao wekundu wao ni himoglobini inayowasaidia kuishi mahali penye oksijeni haba. Viumbe wote warudishwe mtoni mlikowatoa. Usitumie kipande cha chandarua kilichotiwa dawa badala ya chujio, kwa sababu dawa inayoua mbu huwaua pia wadudu hawa.

Kuhusu maji maangavu, naona hili ndilo somo zito kuliko yote, nalo linahitaji kutenganisha maswali mawili ambayo hata watu wazima huyachanganya: je, mto huu ni mzima, na je, maji yake yanafaa kunywewa? Kijito cha mlimani kinaweza kuwa na alama za juu kabisa za miniSASS na papo hapo kikawa na bakteria wa kinyesi cha ng'ombe aliyevuka asubuhi, maana wadudu hao hawadhuriwi na kinachomharisha mtoto. Shirika la Afya Duniani huelekeza kwamba maji ya kunywa yasiwe na bakteria aina ya E. coli, ambao ni dalili ya kinyesi, hata mmoja katika mililita 100, na jicho haliwezi kuona hilo. Koroga chumvi katika glasi ya maji mbele ya darasa mpaka yawe maangavu tena, kisha uwaulize glasi ina nini. Baada ya hapo watakuelewa unaposema kwamba maji ya mto huchemshwa hata pale wadudu walipotoa alama nzuri.

Usalama wa watoto usiuchukulie kwa wepesi. Uliza zahanati kama kichocho kipo eneo lenu, kwa kuwa vimelea vyake hutoka kwenye konokono na kupenya ngozi ndani ya maji, hasa jua linapokuwa kali. Penye shaka, achote mtu mzima mwenye buti na glavu za mpira, na wanafunzi wachambue kwa vijiko bila kugusa maji. Ukipata nafasi, wapimie kwa kamba mita 60 kutoka ukingoni, kipimo ambacho Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakitaja kwa kuzuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru mazingira, kandokando ya vyanzo vya maji, waandike wanachokiona ndani yake.

SWALI: Wanafunzi wangu wa Gredi ya 8 hapa Kisumu wanaona maji ya Ziwa Victoria yakigeuka kijani kibichi, nao wanasema kijani ni dalili ya uhai. Niwasahihishe vipi?
Mwalimu, Kisumu

JIBU: Wamepatia nusu, Mwalimu, kwa hiyo anzia hapo. Uhai upo, tena umezidi. Mbolea, udongo na majitaka hupeleka fosforasi na naitrojeni ziwani, na Ghuba ya Winam, ile sehemu ya ziwa iliyo hapo Kisumu, yenye kina kifupi na mlango mwembamba wa kuingilia ziwa kuu, haibadilishi maji yake upesi. Sainobakteria, yaani bakteria wa kijani wanaotumia mwanga kama mimea, hustawi humo, kama gugumaji linavyostawi. Usiku, mwanga usipokuwapo, vyote hutumia oksijeni bila kuizalisha, na vikifa bakteria wanaovioza huitumia iliyobaki, ndipo samaki hukosa pumzi kabla ya mapambazuko. Baadhi ya sainobakteria hutoa sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi.

Darasani, jazeni maji ya ziwa katika chupa mbili angavu, moja mtie chembe chache za mbolea, ziwekeni dirishani kwa wiki mbili au tatu, na wanafunzi waandike rangi ya kila chupa kila asubuhi. Mkimaliza, maji yenye mbolea yamwagieni miti ya shule, yasirudi ziwani.