Maswali na Majibu: Kampuni Iliyovuka Mipaka Kabla ya Umeme Wenyewe

Tangu gridi za Kenya na Tanzania, yaani mitandao yao ya njia kuu za umeme, ziunganishwe, wasomaji kadhaa wametuuliza kuhusu East African Power and Lighting, kampuni iliyowahi kufanya biashara ya umeme katika nchi tatu za Afrika Mashariki kabla ya jina lake kutoweka. Yafuatayo ni maswali yao, mengine nimeyafupisha kidogo.

Swali: Je, ni kweli kwamba kampuni ya umeme ya Kenya ina asili yake Zanzibar?

Jibu: Kwa sehemu. Masimulizi ya kampuni yenyewe huanzia mwaka 1875, wakati Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, aliponunua jenereta ya kuangazia kasri lake na mitaa ya jirani. Jenereta hiyo, kwa mujibu wa masimulizi hayo, ndiyo iliyochukuliwa mwaka 1908 na Harrali Esmailjee Jeevanjee, mfanyabiashara wa Mombasa, ikawa chanzo cha Mombasa Electric Power and Lighting Company. Binafsi naupokea mwaka huo wa 1875 kwa tahadhari, kwa kuwa Edison aliionyesha taa yake hadharani mwaka 1879, na Beit al-Ajaib, jumba la Barghash lililosifika kwa taa za umeme, lilijengwa mwaka 1883. Mwaka 1908 una msingi imara zaidi. Ndio mwaka ambao mhandisi Clement Hirtzel naye alipewa haki ya pekee ya kusambaza umeme Nairobi, ikaundwa Nairobi Power and Lighting Syndicate. Mwaka 1922 kampuni hizi mbili, ya pwani na ya bara, ziliungana na kuitwa East African Power and Lighting. Jina lilikuwa kubwa kuliko shughuli: miji miwili ya koloni moja, kila mmoja na mitambo yake, bila hata waya mmoja wa kuiunganisha.

Swali: Iliingiaje Tanganyika na Uganda?

Jibu: Tanganyika iliingia kwa kununua hisa, Uganda kwa kupewa leseni. Umeme wa umma Tanganyika ulianzishwa na Wajerumani mwaka 1908 jijini Dar es Salaam, ukihudumia karakana za reli na sehemu ya mji walimoishi Wazungu. Waingereza walipoitwaa nchi waliunda idara ya umeme ya serikali mwaka 1920, lakini mwaka 1931 kazi hiyo ilikabidhiwa kwa kampuni mbili binafsi, moja ikiwa ya Dar es Salaam na miji iliyofuata reli ya kati, na nyingine, Tanganyika Electric Supply Company, ikielekeza macho yake kwenye maporomoko ya mto Pangani na mashamba ya mkonge ya Tanga. Mwaka 1932 East African Power and Lighting ilipata hisa za kutosha kuitawala hiyo ya pili, ambayo leo tunaiita TANESCO. Mwaka 1936 East African Power and Lighting ikapewa leseni za kuzalisha na kusambaza umeme nchini Uganda.

Msomaji asidhani kwamba kulikuwa na gridi ya Afrika Mashariki. Kilichovuka mipaka kilikuwa ni mtaji, wahandisi na hesabu za mwisho wa mwaka. Umeme wenyewe ulizalishwa na kumalizika papo hapo, mji kwa mji.

Swali: Kama biashara ilikuwa nzuri, kwa nini iliondoka katika nchi hizo?

Jibu: Haikuondoka kwa sababu ya hasara, bali kwa sababu serikali ziligundua kwamba umeme ni suala la mamlaka kabla ya kuwa bidhaa. Uganda ndiyo iliyotangulia. Mwaka 1947 mhandisi Charles Westlake alipendekeza kujengwa bwawa la Owen Falls huko Jinja, mahali Nile inapotoka katika Ziwa Victoria, na serikali ya kikoloni ikaona kwamba mradi mkubwa kiasi hicho, uliokusudiwa kuvuta viwanda, haungeweza kuachwa mikononi mwa kampuni inayowajibika kwa wanahisa walio mbali. Mwaka 1948 iliundwa Bodi ya Umeme ya Uganda, Westlake akawa mwenyekiti wake wa kwanza, na kampuni ikatoka.

Tanzania ilifuata mwaka 1964, ambapo serikali ilinunua hisa za kampuni katika TANESCO. Hapo jina la "Afrika Mashariki" likabaki ubaoni tu, kwa maana kampuni ilikuwa imesalia Kenya peke yake. Hata hivyo lilidumu hadi mwaka 1983, lilipobadilishwa kuwa Kenya Power and Lighting Company; kibao kilichukua karibu miaka 20 kukubali yaliyokwisha kutokea.

Swali: Basi umeme ulivuka mpaka lini kwa mara ya kwanza?

Jibu: Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa kuwa jibu lake linakwenda kinyume na matarajio. Baina ya Kenya na Uganda, umeme ulianza kuvuka baada ya kampuni kufukuzwa, si kabla. Owen Falls ilifunguliwa mwaka 1954 ikiwa na umeme mwingi kuliko uwezo wa Uganda kuutumia, ilhali Nairobi ilikuwa ikikua na mitambo yake midogo ikilemewa. Mwaka huohuo iliundwa kampuni pacha, Kenya Power Company, ikiendeshwa na East African Power and Lighting kwa mkataba, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kujenga njia ya kusafirisha umeme kutoka Tororo hadi Nairobi. Kwa hiyo kampuni iliyokuwa na leseni Uganda bila waya ilirudi ikiwa mteja mwenye waya, na Kenya ikategemea megawati 30 kutoka Jinja.

Utegemezi huo ulikuwa na gharama yake kisiasa, na nadhani ndio ulioisukuma Kenya kuugeukia mto Tana kwa bidii. Kituo cha Kindaruma kilianza kazi mwaka 1968, kikafuatiwa na Kamburu, Gitaru na Masinga, kisha Olkaria ikaanza kutoa umeme wa jotoardhi mwaka 1981.

Swali: Kwa nini vijiji vilisahaulika kwa muda mrefu hivyo?

Jibu: Havikusahaulika, vilipigiwa hesabu vikaachwa. Gharama kubwa ya kampuni ya umeme iko katika mitambo, nguzo, nyaya na transfoma, na gharama hizo hazipungui hata mteja akizima taa. Kilomita moja ya waya inayopita katika mtaa wa viwanda hurudisha fedha zake upesi. Kilomita hiyohiyo ikipelekwa kwenye nyumba 15, kila moja ikiwasha balbu mbili jioni, huweza isizirudishe kamwe. Aidha, wateja wote wa majumbani huhitaji umeme saa moja hadi saa nne usiku, kwa hiyo kampuni hulazimika kuwa na mitambo ya kutosheleza saa hizo chache, ambayo usiku wa manane husimama bila kuingiza kitu. Kampuni yenye wanahisa, ikiachwa ifanye hesabu yake, itakwenda kwenye viwanda. Ndiyo maana usambazaji wa umeme vijijini nchini Kenya ulianza kama mpango wa serikali mwaka 1973, na Tanzania ikaunda Wakala wa Nishati Vijijini kwa kazi hiyo.

Swali: Katika orodha ya Soko la Hisa la Nairobi nimeona hisa za upendeleo za Kenya Power (ndiyo Kenya Power and Lighting Company) za asilimia 4 na asilimia 7. Ni za nini?

Jibu: Ni mabaki ya mtindo wa zamani wa kukusanya mtaji, wa enzi ambazo mwekezaji alitaka gawio lisilobadilika na kampuni ilitaka fedha bila kugawa kura. Hubadilishana mikono kwa nadra. Udhibiti uko katika hisa za kawaida, ambazo asilimia 50.1 ni za serikali.

Swali: Je, kampuni kama ile inaweza kurudi?

Jibu: Sioni dalili. Mwelekeo umekuwa wa kugawanya. Kenya ilitenganisha uzalishaji mwaka 1997, ikapatikana KenGen, kisha mwaka 2008 ikaunda KETRACO kwa ajili ya njia kuu za kusafirisha umeme. Uganda iliivunja bodi yake mwaka 2001 kuwa kampuni tatu, ikakodisha usambazaji kwa kampuni binafsi iitwayo Umeme kuanzia mwaka 2005, na ikaurudisha serikalini mkataba ulipokwisha mwezi Machi 2025. TANESCO pekee ndiyo iliyobaki nzima, ikizalisha, ikisafirisha na kusambaza.

Kinachorudi ni nyaya. Mwaka 2022 Kenya ilianza kununua megawati 200 kutoka Ethiopia kupitia njia ya zaidi ya kilomita 1,000 inayoishia Suswa, na mwezi Desemba 2024 njia ya kilovoti 400 kati ya Isinya nchini Kenya na Singida nchini Tanzania iliwashwa. Mwaka 2025 serikali ya Tanzania ilipotangaza nia ya kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, wengi walishangaa, kwa kuwa bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 lilikuwa limekamilika. Hoja iliyotolewa ilikuwa ya umbali: umeme unaotoka Rufiji, liliko bwawa hilo, hadi Kilimanjaro hupotea kiasi njiani, na upotevu huo una bei. Iwapo bei hiyo inazidi ile ya umeme wa Ethiopia pamoja na ada ya kuupitisha Kenya ni jambo la kukokotoa, na wasomaji wa Moshi na Arusha wanayo haki ya kuiona hesabu hiyo ikiwekwa mezani.