Wasomaji Wauliza: Risasi za Kuwindia Milima ya Marekani

SWALI: Shemeji yangu anaishi Colorado na amenialika kuwinda elki, kulungu mkubwa wa huko, mwezi wa Oktoba. Ataniazima bunduki ya kipimo cha .30-06, ila risasi ameniachia nichague mwenyewe. Kila nikitazama orodha za maduka nachanganyikiwa: vichwa vya uzito wa greni 150, 165, 180, shaba tupu, ncha laini, bei moja mara mbili ya nyingine. Nichukue ipi?
– Msomaji, Lang'ata

JIBU: Anza na mnyama, bei itafuata. Dume la elki hufikia kilo 300 na ushei: mzito kuliko tandala, mwepesi kuliko pofu. Bega lake ni mfupa mnene chini ya nyama nene, na kichwa cha risasi lazima kiupite kikiwa bado na uzito wa kufika mapafuni.

Risasi ya kawaida ya kiwandani ina kichwa cha madini laini ya risasi (lead) kilichovikwa koti jembamba la shaba. Kikigonga mfupa umbali wa mita 50, kasi ikiwa bado kubwa, koti huchanika na madini hutawanyika. Jeraha huwa pana lakini halina kina, na mnyama hukimbia akafie mbali kwa mateso, pengine asipatikane kabisa. Kwa elki, ongeza pesa kidogo uliepuke hilo.

Pendekezo letu kwa .30-06 ni greni 165 au 180 zenye kichwa ambacho madini yake yameunganishwa na koti, kama Federal Fusion au Nosler AccuBond. Hupanuka bila kuvunjikavunjika. Nosler Partition, muundo wa tangu miaka ya 1940, hutumia njia nyingine: ina ukuta katikati, sehemu ya mbele hufunguka na ya nyuma huendelea kupenya.

Vichwa vya shaba tupu, kama Barnes TSX, hubaki na karibu uzito wote na haviachi chembe za sumu nyamani, jambo la maana sana kwa nyumba yenye watoto. California imepiga marufuku risasi zenye madini ya risasi kwa uwindaji wote tangu tarehe 1 Julai 2019, kwa sababu tai wakubwa aina ya kondori walikuwa wakifa kwa kula mizoga yenye chembe hizo. Lakini shaba ni nyepesi, hivyo kichwa cha uzito uleule huwa kirefu zaidi, na kinahitaji kasi ili kifunguke. Ukichagua shaba, shuka hadi greni 150 au 165.

Kasi ndiyo inayoweka mpaka wa umbali. Greni 180 hutoka mtutuni kwa takriban mita 820 kwa sekunde. Ikiwa kichwa chake kina ncha ya kawaida iliyochongoka, kufikia mita 300 kimebakiwa na 600 hivi. Vichwa vingi vilivyounganishwa huhitaji angalau 550 ili vipanuke vizuri. Kwa shaba, jipe 600. Kwa anayewinda mara ya kwanza, tungesema mita 250 ndiyo mwisho, hata kama kasi inaruhusu zaidi.

Sasa sehemu ambayo wengi huiruka. Kila mtutu una risasi unayoipenda, na hakuna orodha itakayokuambia ni ipi. Mwombe shemeji anunue boksi moja moja la aina tatu. Boksi huwa na risasi 20. Fyatueni tatu tatu kwenye shabaha ya yadi 100, mkiuacha mtutu upoe kila baada ya tatu, na mkiusafisha mnapotoka vichwa vya koti kwenda shaba tupu. Aina inayoweka matundu matatu ndani ya sentimita 4 au 5 ndiyo yako, hata kama ndiyo iliyokuwa rahisi zaidi kati ya zile za elki. Kisha nunueni maboksi manne yenye namba ileile ya bechi (kundi lililotengenezwa pamoja), maana bechi ikibadilika, mahali inapogonga huweza kuhama. Rekebisheni darubini igonge sentimita 5 juu kwenye yadi 100. Itagonga katikati kwenye 200, na kwenye 300 itakuwa imeshuka sentimita 20 na kidogo.

Rekebisho hilo likifanywa pwani, lirudieni kambini. Elki huishi juu, mara nyingi zaidi ya mita 2,500, na hewa nyepesi huifanya risasi igonge juu kidogo.

Sheria ya Colorado kwa elki inataka kichwa kinachopanuka, kisichopungua greni 85. Risasi za kijeshi zilizofunikwa koti hadi nchani hazifai.

SWALI: Je, kwa .270 na kulungu tu?
– Msomaji, South B

JIBU: Greni 130 ya kawaida: Remington Core-Lokt au Winchester Power-Point. Kulungu ana mbavu nyembamba, hivyo hakuna haja ya vichwa vya bei ya juu. Soma maandishi ya mtutuni kabla ya kununua: .270 Winchester na .270 WSM ni risasi mbili tofauti.

SWALI: Mdogo wangu yuko Marekani kwa viza ya masomo. Anaweza kununua risasi?
– Msomaji, Umoja

JIBU: Asiguse hata moja kabla hajapata leseni ya kuwinda. Sheria ya taifa lile inamkataza mwenye viza ya muda kumiliki bunduki au risasi, isipokuwa awe ndani ya misamaha iliyotajwa, na leseni halali ya kuwinda iliyotolewa huko ni mmoja wapo. Colorado humtaka kila aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 1949 awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji kwanza, basi aanze na kozi hiyo miezi kadhaa mapema.

Akirudi nyumbani, risasi zilizobaki zibaki huko. Uwindaji ulipigwa marufuku hapa Kenya mwaka 1977, na kupatikana na risasi bila cheti ni kosa la jinai hata ikiwa ni moja iliyosahaulika. Akague mifuko yote ya koti na begi alilobeba msituni kabla ya kupanda ndege ya kuja JKIA. Bora zaidi, asafiri na begi jingine kabisa.