Pembetatu za viraka zinavutika na ncha zinamezwa: nakosea wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Nansio, Ukerewe. Magauni nimeshona miaka mingi, sasa nimeanza mablanketi ya viraka kwa mabaki ya vitenge. Pembetatu nazikata kwa kipimo, lakini nikiziunganisha zinavutika, miraba inapishana ukubwa, na ncha zinamezwa na mshono. Tatizo nini?

JIBU: Marahaba, dada. Tatizo ni utaratibu tuliofundishwa sote: pima, kata, shona. Kwenye pembetatu, shona kwanza ndipo ukate.

Kitambaa kikifuata uzi wake, wa urefu au wa upana, hakivutiki sana. Ukikikata hanamu, yaani mshazari, kinanyumbuka, na upande mrefu wa pembetatu yako uko hanamu kabisa. Ukiushika tu umeshauharibu.

Tuseme unataka mraba wa inchi 4 ukishamaliza. Kata miraba miwili ya inchi 5, mmoja rangi iliyokoza, mwingine nyepesi. Ilaze uso kwa uso, chora mstari kona hadi kona kwa kipande cha sabuni, piga mishono miwili, robo inchi kila upande wa mstari, halafu kata juu ya mstari. Ukifunua una miraba miwili, kila mmoja na pembetatu zake mbili. Hesabu yenyewe ya kukata ni inchi 4 na 7/8, ila mimi huwa naongeza kidogo ili nipate cha kusawazisha. Punguza hadi inchi 4 na nusu (hiyo nusu italiwa na mishono ya kuunganisha), mshono ukiishia kwenye kona zote mbili.

Ncha humezwa kwa sababu ya mazoea ya magauni, ambako tunaacha nusu inchi au zaidi mteja asije akanenepa. Hapa ni robo inchi, na ukingo wa mguu wa cherehani si lazima uwe robo kamili. Jipime: shona pamoja vipande vitatu vya upana wa inchi 1 na nusu. Cha katikati kikitoka inchi 1 kamili, uko sawa. Kisipotoka, bandika plasta kwenye bati la cherehani pale robo ilipo na uifuate. Ukifika kuunganisha safu, geuza nyuma uone mishono inapokatizana. Sindano ipite hapo hapo au uzi mmoja kuelekea ukingoni, isiingie ndani ya pembetatu.

Pasi uikandamize na kuiinua. Ukiiburuta, hanamu inavutika upya.

Vitenge vifue kwanza, hasa vyekundu, maana vinachuja. Vikilegea, vipake maji mepesi ya wanga wa muhogo (huko Ukerewe haukosi) na uvipige pasi kabla ya kukata. Mabaki ninayopata kwa mafundi wa Makoroboi, Mwanza, huwa yamechanganyika pamba na polista. Polista yatenge, pasi ya moto wa pamba itayakunja.

Blanketi la inchi 64 kwa 80 linataka miraba 320 iliyoshonwa, yaani ukate 160 ya kila rangi. Anza na minne tu. Iunganishe, pima: ikitoka inchi 8 na nusu kila upande, endelea.