Vitunguu vya kiangazi: panga shamba kwa maji ya Agosti

Kila mwaka mvua zikishakata, bonde la Mto Lukuledi, huku kusini mwa Tanzania, hujaa watu wanaotafuta pa kuotesha vitunguu. Visima vimejaa, na mtu anaona ekari nzima ataimudu. Ndugu zangu, nawasihi: msipange shamba kwa maji ya Mei. Pangeni kwa maji ya Agosti.

Miche ukiihamisha Juni, wiki za mwanzo inakuza majani tu. Kutunga kunaanza mwishoni mwa Julai, na Agosti yote kitunguu kinajaza. Hapo ndipo kinapotaka maji kuliko wakati mwingine wowote, na hapo hapo visima vinashuka huku kusi ikikausha udongo mchana kutwa. Kikipata kiu wakati wa majani bado kina nafasi ya kujirudi. Kikipata kiu wakati wa kujaza, kinakomaa kikiwa kama ndimu.

Kinapojaza, kwa jua letu, kinataka karibu milimita 5 kwa siku, yaani lita 5 kwa kila mita ya mraba. Tuta la mita 1 kwa 10 linakula lita 50, ndoo kubwa mbili na nusu. Ekari moja ni kama lita 20,000 kila siku. Kisima chako kinazitoa Agosti? Kama hakizitoi, lima robo ekari uishibishe. Mimi hulima hivyo na sitamani zaidi.

Mizizi ya kitunguu ni mifupi, mingi haivuki sentimita 30. Kwenye udongo wa kichanga, maji mengi ya mara moja kwa wiki yanapita chini na kupotea, kwa hiyo mwagilia kidogo kila baada ya siku mbili tatu. Udongo mzito wa bondeni unavumilia siku nne hadi sita. Chimbua pembeni ya mche kina cha kidole, ufinyange udongo kiganjani. Ukishikana, subiri. Ukimwagika mkavu kati ya vidole, umeshachelewa.

Kinachoniumiza zaidi ni kiu ya siku nyingi, kisha mafuriko ya siku moja. Kitunguu kilichopitia hayo mara nyingi hupasuka au huwa pacha: ukikikata unakuta viini viwili, kila kimoja na maganda yake, na mnunuzi anakitupa pembeni. Maji yakituama nayo yanaozesha mizizi, na majani yanayolala yamelowa hualika ugonjwa wa baka zambarau. Mwagilia asubuhi.

Kuacha maji nako kunawashinda wengi, maana wanataka kuongeza uzito. Mashina machache yakianza kulala yenyewe, tuseme kumi au ishirini katika kila mia, funga maji, kisha vuna baada ya wiki mbili hivi. Bonyeza shingo: ikiwa laini na tupu ndani, kimeiva. Shingo nene yenye maji haikauki vizuri, na ghalani uozo unaingilia hapo.

Kwa walio juu kwenye uwanda wa Makonde, ambako maji yenyewe ni ya kununua kwa ndoo, kitunguu cha kiangazi siwashauri kabisa. Mwenye ndugu bondeni amwombe kipande cha kukodi huko, ila kisima akakague Agosti ya mwaka huu ndipo alipie msimu ujao.