Jibu: Namba za makundi nisizozijua kwenye skana (Njiro)

Mkuu, umeuliza kwa nini kwenye skana (redio inayopekua masafa na kudaka maongezi) masafa yaleyale sasa hivi yanatoa sauti za watu hawa, dakika ikipita unasikia wengine kabisa, na utajuaje nani ni nani. Huo ni mfumo wa tranki. Masafa hayana mwenyewe: kompyuta inalipatia kundi linalotaka kuongea masafa yaliyo wazi, likimaliza inayachukua. Kwa hiyo acha kuandika masafa, andika namba ya kundi.

Lakini kwanza sheria. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inakataza kunasa au kusambaza mawasiliano ya watu bila idhini. Pita TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) Kanda ya Kaskazini, wapo hapohapo Arusha, uulize kabla hujaendelea. Hili nalisema kwa uzito wote.

Ukishapata ruhusa, tafuta chaneli ya udhibiti, ile ambayo kompyuta inaitumia kuyaelekeza makundi masafa ya kwenda. Inakoroma mfululizo, haipumziki hata usiku wa manane (mfumo wa LTR, aina mojawapo ya tranki, ndio hauna chaneli maalumu ya namna hiyo). Weka skana kwenye kutafuta, usiiache kwenye orodha, maana orodha inakuonyesha unachokijua tayari. Namba mpya ikitokea, andika na saa. Kundi linaloamka alfajiri na kunyamaza jioni limeshajieleza nusu. Mimi naziamini saa kuliko neno mojamoja lililodakwa.

Kama ni EDACS, aina nyingine ya tranki, kila masafa lazima yakae kwenye namba yake ya chaneli. Ukipanga vibaya, skana inarukia pengine na unakuta kimya, au maongezi ya kundi jingine katikati.

Skana yako ni modeli gani?