Rimu za inchi 16 kwenye Toyota IST

Ndugu yangu, rimu za inchi 16 ulizoziona Nyakato, hapa Mwanza, usizinunue kwa kuhesabu nati tu: IST yako ina nati 4 kwenye duara la milimita 100, na tundu la katikati la rimu likizidi milimita 54.1 lazima uweke ringi ya kuziba nafasi, la sivyo usukani utatetemeka ukiongeza mwendo. Badala ya tairi ya 185/65R15 unayotumia, funga ya 195/55R16, ambayo kimo chake ni takriban kilekile, milimita 621. Kabla ya kulipa, fundi afunge rimu moja mbele, akate usukani hadi mwisho pande zote, kisha apitishe kidole kati ya tairi na shokapu kuhakikisha hazigusani. Inchi 17, kwa barabara za mawe za Mabatini, mimi nisingeithubutu.