Kupeleka michoro kwa jopo la waamuzi ukiwa bado mwanafunzi: yaliyonipata mimi hapa Lubumbashi

Ndugu yangu, umeuliza kama mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uchoraji anaweza kuomba nafasi katika maonyesho ambayo jopo la waamuzi ndilo huamua kazi zipi ziingie na zipi zibaki nje, na kama kukataliwa kutamharibia jina mbele ya walimu. Mimi niliomba nikiwa mwaka huohuo wa pili, nikakataliwa. Mwaka uliofuata niliomba tena, na kati ya michoro mitatu niliyopeleka mmoja ukapokelewa. Jibu langu basi ni kwamba uombe. Lakini kuna jambo ambalo wakati ule hakuna aliyeniambia, nalo ndilo nitakalokaa nalo zaidi: katika mchujo wa kwanza waamuzi hawauoni mchoro wako. Wanaona picha yake tu, kwenye kioo cha kompyuta, katikati ya picha za watu wengine wengi.

Mwaka wa kwanza kuomba nilipeleka mchoro wa wanawake wanaouza makala, yaani makaa ya kupikia, asubuhi na mapema, rangi zake zikiwa za kijivu na buluu iliyofifia, na hizo rangi ndizo zilizokuwa mchoro wenyewe. Niliupiga picha kwa simu saa mbili usiku sebuleni kwa mama, chini ya balbu, siku ya mwisho ya kupokea maombi. Kijivu kikageuka manjano ya mawese. Mwanga wa simu ukaacha doa jeupe juu ya paji la uso la mwanamke wa mbele, na chini kabisa, ukitazama vizuri, unaona mguu wa kiti na pindo la pazia. Nilipoifungua picha ile mwaka mmoja baadaye sikuwa tena na kinyongo na jopo. Hata mimi ningeikataa.

Mara ya pili nilisubiri mwezi wa saba, wakati wa kiangazi, nikauning'iniza mchoro kwenye ukuta wa nyumba yetu Katuba upande wa kivuli, majira ya saa tatu asubuhi, jua likiwa limepanda lakini haligusi kitambaa cha mchoro. Mchoro ulikaa wima kabisa, haukuegemezwa, kwa sababu ukiinama kidogo tu pembe nne hazitoki sawa. Simu niliiweka juu ya matofali yaliyopangwa kwenye kigoda, kamera ikaelekea katikati ya mchoro, nikarudi nyuma kama hatua nne kisha nikavuta picha karibu, maana ukisogea sana lenzi ya simu huvimbisha kingo kama tumbo la mtungi. Picha ya kwanza niliipiga nikiwa nimebandika karatasi nyeupe pembeni, ili baadaye, wakati wa kurekebisha rangi, nijue nyeupe halisi ni ipi. Mama mdogo alisimama mlangoni akauliza kama huo mchoro unapigwa picha ya pasipoti. Alikuwa anacheka, lakini ndivyo hasa: uso mzima, mwanga sawa, pasipo pambo nyuma. Ukimaliza, kata picha hadi ukingo wa kitambaa, usiache ukuta wala fremu, isipokuwa tangazo likitaka vingine.

Kisha usiitume kwa WhatsApp kama picha ya kawaida. Rafiki alinisaidia kupeleka maombi kutoka kwenye kompyuta ya kazini kwake, nikamtumia picha kwa njia hiyo, na faili iliyotoka kwangu ikiwa na megabaiti nne ikamfikia ikiwa kilobaiti mia tatu na kitu. Tuliligundua hilo kwa bahati. Itume kama dokumenti, au uibebe kwenye flashi.

Kuhusu kuchagua kazi, wengi wetu hukosea kwa nia njema. Tangazo likidai michoro mitatu, mwanafunzi hupeleka sura ya mtu, mandhari na kitu cha dhahania, ili aonyeshe kwamba anaweza yote. Hicho ni kitabu cha mazoezi ya darasani. Kawafikirie wachoraji wa hapa kwetu waliotoka katika karakana ya Le Hangar, ile aliyoianzisha Pierre Romain-Desfossés mwaka 1946: Bela akipaka rangi kwa ncha za vidole, Mwenze Kibwanga akijaza uso wote wa mchoro kwa mistari mifupimifupi iliyosongana, Pilipili Mulongoy na ndege na samaki wake. Walikaa chini ya paa moja, lakini hata ukifunika sahihi huwezi kuwachanganya. Jopo linatafuta dalili ya jambo kama hilo katika picha zako tatu, hata kama bado ni changa. Mara ya pili mimi nilipeleka wauza makala watatu, mchoro mmoja wa zamani na miwili mipya, na huo wa zamani ndio uliopokelewa. Ndiyo, ule uleule uliokataliwa mwaka uliotangulia.

Soma masharti kama unavyosoma mkataba wa kupanga nyumba. Angalia umri, uraia, kama wanafunzi wanaruhusiwa, kama kazi iliyofanywa chini ya uangalizi wa mwalimu inakubalika (wengine huikataa, kwa hiyo umwulize mwalimu wako kabla, hatachukia), mchoro uwe wa miaka mingapi nyuma, na nani analipa usafiri wa kwenda na wa kurudi. Wapo wanaotoza ada ya kuomba, na kwa kawaida ada hiyo hairudi hata ukikataliwa. Sina ugomvi na ada ndogo. Nina ugomvi na matangazo ya mtandaoni ambayo kila anayeomba hupongezwa kwamba amechaguliwa, kisha anatakiwa alipie nafasi ya ukutani. Hapo hakuna mwamuzi, kuna mwenye nyumba anayetafuta mpangaji. Wala usichanganye maonyesho ya jopo na yale ambayo wasimamizi hujitafutia wasanii wenyewe kufuatana na mada waliyoiweka, kama ilivyo kawaida ya biennale, yaani maonyesho ya kila baada ya miaka miwili. Biennale yetu ya Lubumbashi, iliyoanza mwaka 2008 kwa jina la Rencontres Picha, nenda kaitazame na uzungumze na watu, lakini usiisubiri kama mtihani wa kuandikishwa.

Vipimo viandike kimo kwanza, halafu upana, na utaje kwa maneno kwamba ndivyo ulivyoviandika. Mimi niliandika 80 × 60 kwa mchoro uliolala, wenye kimo cha sentimita 60, wakautengea nafasi ya mchoro uliosimama, na siku ya kutundika nikahamishiwa nyuma ya mlango. Wageni waliouona ni wale waliokuwa wanatafuta pa kutokea.

Bei, ikitakiwa, uipange baada ya kujua waandaaji watachukua asilimia ngapi, na isitofautiane na ile unayomtajia mtu anayekuja nyumbani. Mnunuzi akigundua bei mbili hatarudi. Kama hutaki kuuza, andika kwamba hauuzwi. Kipengele cha haki ya kutumia picha ya mchoro kisome mara mbili: kuichapisha katika katalogi na mabango ya maonyesho ni sawa, kuitumia popote na milele si sawa.

Sasa hofu yako ya kukataliwa. Walimu hupenda kutufariji na habari za Paris mwaka 1863, jopo la Salon, maonyesho rasmi ya sanaa ya huko, lilipowakataa wachoraji wengi hadi mtawala wa Ufaransa, Napoleon III, akaamuru wapewe ukumbi wao, na mchoro wa Manet, mchoraji wa Kifaransa, wa chakula cha mchana majanini ukatundikwa humo. Habari ni ya kweli, ila mimi hainifariji, kwa sababu wengi wa waliotundikwa katika ukumbi ule hawakumbukwi na mtu. Kilichonisaidia ni kidogo zaidi: orodha ya waliokataliwa haitangazwi. Hakuna mwalimu aliyejua, mpaka niliposema mwenyewe.

Ukipokelewa, ulete mchoro uliokauka. Rangi ya akriliki haina shida, lakini rangi ya mafuta iliyopakwa nene huweza kubaki laini wiki nyingi, na kuipaka vanishi mapema ni kuiharibu. Ukilazimika kuuviringisha, upande wenye rangi ukae nje, juu ya bomba nene. Seremala akufungie pete mbili za chuma nyuma ya fremu, moja kila upande, kiasi cha theluthi moja kutoka juu, na waya uliokaza kati yake. Wangu niliupeleka na kamba ya katani, kijana wa kutundika akanitazama bila neno, akatoa misumari yake mfukoni. Jina lako, jina la mchoro, mwaka, vipimo na namba ya simu viandike kwa penseli kwenye mbao za nyuma, si kwenye kitambaa, maana wino wa kalamu nene hupenya hadi mbele. Na tarehe ya kuchukua kazi baada ya maonyesho iandike palepale unapoandika tarehe ya ufunguzi, kwa sababu siku hiyo hakuna atakayekupigia simu.